Taa Inayomwona Mzee Patrobas

Jumapili, 13 Septemba 1987

Batulo, niliapa na ninaapa tena. Siku ile mnahamia Garissa, tulipokaa juu ya magunia ya sukari ya baba yako, tulikubaliana kila mmoja aandike shajara yake, na mwisho wa mwezi tutumiane kwa posta bila kuficha hata aibu. Basi nitasema yote. Hata ya unga.

Naanza na taa.

Unakumbuka Baba alikuwa akimwendesha yule mhandisi wa Austria. Mhandisi amerudi kwao. Mpishi aliachiwa makochi. Mtunza bustani aliachiwa baiskeli. Baba akaachiwa taa! Ni ya kufungwa nje, juu ya mlango, na chini yake ina kijicho cheupe kisichopepesa. Ukipita mbele yake gizani, inakuona, inawaka yenyewe. Ukiondoka, inangoja kidogo, halafu inazima. Baba aliifunga Ijumaa jioni. Majirani wa mstari wote walikuja kupita mbele yake. Bwana Zedekiah, baba yake Perez, alipita na kuivulia kofia. Shangazi yako Mama Falis alifunga duka mapema ili aje apite. Nilijivuna sana.

Jumamosi asubuhi Baba akaondoka na lori la kazi yake mpya. Malaba, halafu Kampala. Hatarudi kabla ya wiki mbili.

Jumamosi jioni taa iliwaka. Hapakuwa na mtu.

Nilichungulia kwenye pazia. Kibarazani palikuwa na ufagio, ndara za Baba, na jiko la makaa na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yetu, juu yake, jiwe juu ya kifuniko kama kawaida. Basi. Taa ikazima. Nikashusha pumzi. Ikawaka tena! Nilisikia nywele zangu zikisimama ndani ya kitambaa.

Mama akaja nyuma yangu, akatazama, akasema polepole, "Pale ndipo alipokuwa anakaa."

Unajua ni nani. Mzee Patrobas wa reli, aliyeishi nyumba hii kabla yetu. Kila jioni kigoda chake pale pale, akiwafokea watoto wasikanyage maua yake. Mwaka juzi alifariki hospitalini, sisi tukapewa nyumba, na Mama akang'oa maua akapanda sukuma wiki.

Mama amekata shauri. Kama Mzee Patrobas hajaondoka Baba atakaporudi, basi sisi ndio tutakaoondoka. Twende wote kwa Susu, mama yake Mama, kule Mutomo. Nikauliza, na mtihani wangu? Akasema hata Mutomo kuna shule. Batulo, nimesajiliwa hapa! Mtihani wa darasa la nane ni Novemba na namba yangu haibebeki kwenye kikapu. Nitarudia darasa, na wewe utakuwa kidato cha kwanza, na mimi nitakuwa nachunga mbuzi wa Susu jioni. Na ile ndoto yetu ya shule moja ya bweni, vitanda viwili, wewe juu mimi chini?

Nilimwomba tuikate taa tu, waya ung'olewe. Mama akanitazama kama mtu aliyezaa mjinga. "Ukizima taa, yeye si amebaki pale pale gizani? Heri nimwone."

 

Kwa hiyo kazi ni yangu. Mimi ndiye wa kwanza darasani katika sayansi. Wa pili. Perez ndiye wa kwanza. Niliapa kusema yote.


Jumatatu, 14 Septemba

Siku njema! Mwalimu Munyoki ametufundisha kwamba mwanasayansi haogopi, yeye huuliza. Kwanza tatizo, kisha dhana, kisha jaribio, kisha hitimisho. Nimeyaandika mkononi kwa kalamu.

Jioni tulikula isyo iliyobaki, Mama akaipasha ndani kwa stovu ya mafuta. Mimi nilisali mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Taa haikuwaka hata kidogo, isipokuwa Mama Falis alipoleta maziwa.

Hitimisho: ni maombi. Mama alitabasamu. Sanduku la safari bado liko juu ya kabati. Mungu ameibariki shule yangu.


Jumanne, 15 Septemba

Si maombi.

Mama aliweka isyo mpya jikoni, akalipeleka jiko kibarazani kwa sababu ya moshi wa makaa unaoua watu, akaenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nikabaki peke yangu na taa. Ikawaka. Nikasali. Ikazima. Nikasema amina. Ikawaka kabla sijafumbua macho!

Nilijifungia chooni nikaimba nyimbo zote za Shule ya Jumapili, pamoja na zile za Krismasi.

Vilevile nilikuwa nimemwambia Perez leo asubuhi kwamba nimeshinda. Hilo lilikuwa kosa. Baada ya masomo alinifuata hadi kwetu, akasimama nje ya ua akasema, "Mbeti, mathee wako ameniambia mnahama. Niaje, buda wa reli amewafukuza?" Nikamjibu kwamba mtu anayesema Sheng ya mtaani hawezi kupata alama nzuri za insha. Akasema, "Na anayekimbizwa na balbu je?" Aliondoka akicheka na mabega.

Nikienda mimi, Perez atakuwa wa kwanza katika Kiswahili pia, si sayansi tu. Hilo amelifikiria. Namjua.

Dhana mpya: ni paka wa Perez! Yeye ndiye anayemtuma.


Jumatano, 16 Septemba

Jaribio la paka. Nililipanga jana usiku badala ya kufanya hesabu.

Niliamka kabla ya Mama nikanyunyiza unga wa mahindi kibarazani kote, mwembamba kama vumbi, ili kila atakayepita aache alama. Paka ataacha vidole vinne. Mzee Patrobas, sijui. Nilipofikiria hilo nilimwaga wa pili.

Kulipopambazuka nilitoka kutazama. Batulo! Nyayo! Za mtu! Miguu mitupu, ikitoka mlangoni hadi chini ya taa na kurudi hadi mlangoni. Hakuna aliyeingia kutoka nje. Zilitoka NDANI.

 Nilimwita Mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama akaja mbio na mwiko. Akainama. Akatazama wayo mmoja kwa karibu. Akasema huyu ana kidole kidogo kilichopinda. Kisha akatazama mguu wangu.

Nilikuwa nimepita kumwagia unga wa pili.

Nimefagia kibaraza, nimefagia nyumba, nimefagia na kwa Mama Falis kama adhabu ya unga uliopotea. Kuku wa Perez wamekula uliobaki. Perez amewashangilia.


Alhamisi, 17 Septemba

Taa imetulia tena. Jana pia ilitulia. Tulikula wali uliopikwa ndani.

Nimejaribu kufikiria kama Mwalimu Munyoki. Kwa nini Jumamosi na Jumanne, na si siku nyingine? Nimekaa na swali hilo juu ya kitanda mpaka nikalipata. Jumamosi na Jumanne ndizo siku za gari-moshi la jioni! Mama Falis anasema halikuwa na siku maalumu. Lakini Mama Falis hakuwahi kufanya kazi ya reli.

Basi nina huruma kidogo kwa Mzee Patrobas. Anakuja kusikiliza gari-moshi, anakuta sukuma wiki. Labda hataki kutufukuza. Labda anataka mahali pa kukaa.

Mpango: nimweke upande wa nyuma ya nyumba, ambako jicho halioni.


Ijumaa, 18 Septemba

Nilitafuta kigoda. Nikakiweka nyuma, karibu na karo la kufulia. Juu yake nikaweka ugoro kidogo kwenye karatasi, maana aliupenda, na maua mawili ya plastiki kutoka kwenye meza ya Mama. Nikasimama wima kama kwenye gwaride nikamwambia, kwa adabu, "Shikamoo Babu. Kiti kiko huku. Gari-moshi linasikika vizuri zaidi."

Nilikimbia kabla hajaitikia.

Jioni Mama aliweka isyo ya mwisho wa wiki. Nikasubiri dirishani, nimeshika Biblia mkono mmoja na kitabu cha sayansi mkono mwingine. Giza likaingia. Taa ikawaka.

Alikuwa amekataa kiti!

 Mama alivuta stuli, akashusha sanduku kutoka kabatini, akalipangusa vumbi. Sauti ile ya kitambaa juu ya bati, Batulo, bado iko masikioni. Akatia shuka mbili. Akatia picha ya harusi yao. Nilimwambia Baba anarudi baada ya wiki moja, tumngoje. Akasema ndiyo, tunamngoja, na tunamngoja tukiwa tumefunga mizigo.

Nililia ndani ya mto ili asisikie. Alisikia. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda akanipapasa mgongo. Akasema yeye pia hataki kuhama, lakini akiwa peke yake usiku na mtoto, hawezi kukaa na kitu asichokijua.  


Jumamosi, 19 Septemba

Nimekwenda kwa shangazi yako. Alikuwa anapima mchele. Nilimweleza yote. Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Alisema kwao jambo likichafuka, nyumba hufukizwa ubani, na hata kama haliondoki, nyumba inanukia. Akanipa ubani kwenye kijikaratasi, na chetezo chake kidogo cha udongo chenye makaa mekundu. Nisimame kibarazani, nikizungushe polepole, nia yangu iwe safi.

Nia yangu ilikuwa safi kabisa. Ilikuwa mtihani wa KCPE.

Nikasimama chini ya taa jua lilipotua. Nikazungusha chetezo. Taa ikawaka, sawa, mimi ni mtu. Nikakiweka chini, nikaingia ndani kungoja izime.

Haikuzima.

Haikuzima kabisa! Ilizima nukta moja tu, ikashtuka, ikawaka. Isyo ya jana ilikuwa inapashwa pembeni kwenye jiko kubwa, ubani unafuka kwenye chetezo, na taa inapepesa kama mtu mwenye kichaa! Watu walitoka nyumba kwa nyumba. Mtu fulani akapiga sufuria. Mama Falis alikuja mbio akasema labda amenipa ubani mwingi mno.

Bwana Zedekiah akafika, amevaa koti juu ya pajama. Yeye ni karani katika korti ya Makadara na anapenda mambo yafuate utaratibu. Akaomba nafasi. Akapiga hatua moja mbele ya mlango, akakohoa. "Patrobas! Kama uko hapa, jitokeze useme jina lako, na ueleze malalamiko yako kwa ufupi!"

Taa ikamwakia usoni.

"Amejitokeza!" akasema Bwana Zedekiah, na akarudi nyuma hadi ndani ya sukuma wiki.

Sasa hakuna hata mtoto anayepita mbele ya nyumba yetu. Wanazunguka kwa nyuma, na huko nyuma kuna kigoda chenye ugoro. Jambo hilo halijawatuliza. Kati ya watoto, Perez peke yake alibaki. Alikuwa ameshika mkono wa baba yake, na hakuwa anacheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, Kiswahili safi kabisa, kama ni kweli tutahama Jumamosi ijayo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nitashindana na nani?"

Sikutegemea hilo. Nilisahau kuwa na hasira naye hadi nilipolala.


Jumatano, 23 Septemba

Sikuandika. Mama amefunga hata vikombe, tunakunywa chai kwa zamu katika bilauri moja.

Leo nimerudisha vitabu vya maktaba ya shule. Mwalimu Munyoki akauliza kwa nini mapema. Nikasema tuna matengenezo nyumbani. Akaniambia nimekuwa mwanafunzi wake wa mfano wa jinsi ya kuandika majaribio. Nilitoka haraka.

Jana taa iliwaka. Isyo iliiva. Mzee Patrobas hajagusa ugoro.


Ijumaa, 25 Septemba

BABA AMERUDI!

Niandike kwa mpangilio. Alifika jioni, vumbi la Malaba hadi kwenye nyusi. Akakuta kibarazani sanduku, magodoro mawili yaliyofungwa kamba, Mama amevaa koti la safari na anapika isyo ya njiani. Taa juu yake inawaka na kuzima.

Baba akauliza nani amekufa. Mama akasema, "Patrobas." Baba akasema hilo analijua. Mama akanyoosha kidole juu. Nikaeleza mimi, kwa sababu Mama alikuwa anakaribia kulia: paka, unga, kigoda, ubani, Bwana Zedekiah. Baba alisikiliza yote. Akatutazama. Akatazama taa. Akatazama chini.

Akavua koti, akalishika jiko kwa matambara mawili, isyo na jiwe na vyote, akalibeba hadi nyuma ya nyumba. Sisi alituingiza ndani na sanduku, tukangoja dirishani. Taa ikazima. Ikakaa imezima.

Akalirudisha. Ikawaka.

Akalibeba tena. Ikazima. Mara ya tatu alikuwa anafanya kwa raha tu, kama mtoto, na Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku, uso ndani ya leso, mabega yanatikisika, na mimi sikujua anacheka au analia. Vyote viwili.

Baba alisema lile jicho halimwoni mtu. Linaona joto linalosogea. Mtu ni joto linalotembea, basi taa inawaka. Makaa yakipulizwa na upepo nayo ni joto linalotikisika. Mhandisi alimwambia asiweke moto mbele yake, naye hakuona haja ya kutuambia, kwa maana kule kwa mhandisi hakuna mtu aliyewahi kupika isyo mlangoni. Mama akasema na hapa hakuna mtu aliyewahi kuipika kwingine! Makaa yatawekwa wapi, kitandani? Wakabishana vizuri sana. Nilikuwa nimewakosa wakibishana.

Jumamosi, Jumanne, Ijumaa. Siku za isyo. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe! Gari-moshi, kweli?

Hatuhami. Mama amefungua vikombe. Nitafanya mtihani wangu hapa, kwa namba yangu, Batulo! Tafadhali soma kwa bidii, tusije tukapelekwa shule tofauti.


Jumapili, 27 Septemba

Jana Perez alikuja kula isyo. Alikula sahani mbili na kusema mathee wangu ni noma, yaani anajua kupika. Bwana Zedekiah alipita mbele ya taa mara kadhaa, wima, kama mtu anayeikatia rufaa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Jiko sasa linakaa nyuma, mahali pa kigoda. Kila kitu kimekwisha. Nilipanga kumalizia hapa na kutia posta kesho.

Lakini usiku nimelala nikifikiri, kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa.

Jicho linaona joto. Mtu ana joto. Makaa yana joto. Sawa. Mzee Patrobas amekufa. Mtu aliyekufa ni baridi.

Kwa hiyo taa haiwezi kumwona!

Unaelewa, Batulo? Zile jioni taa ilipowaka, lilikuwa jiko. Hizo hazikuwa na neno. Lakini zile jioni ilipokaa kimya, nikasema asante Mungu, nikalala, je, hizo alikuwa wapi? Nani anajua? Angeweza kuwa amekaa pale pale kibarazani, baridi, anatutazama, na jicho halijui. Na mimi nilimkaribisha kwa kiti! Na Baba ameweka jiko juu ya mahali pake!

Jana jioni taa haikuwaka kabisa baada ya Perez kwenda. Giza tupu. Kimya. Sijawahi kuogopa hivyo tangu haya yaanze.

Baba anaondoka tena kesho alfajiri, Mombasa safari hii, kwa hiyo amelala mapema. Nimefanya jambo la busara. Jioni hii wakati Mama yuko kanisani nimelirudisha jiko mbele, nimelitia makaa mapya na kulipuliza vizuri, ili taa iwake usiku kucha na kila kitu kionekane. Inawaka sasa hivi ninapoandika. Ni vizuri sana. Nimetulia.

Mama amerudi. Nimemsikia akisimama nje mbele ya jiko muda mrefu; hajui ni nani aliyelirudisha. Ameingia. Amepita chumbani. Nasikia stuli inavutwa kuelekea kabati, lile la sanduku.

Nimetia stempu ndani ya bahasha, usipoteze wakati kutafuta nyingine. Bibi yako wa Garissa anajua mambo haya, muulize leo leo, na unijibu kwa posta ya kurudi kabla ya Jumamosi: mzimu una joto au ni baridi?